Mbegu Iliyoombewa

Shemeji yangu Mbaka alijaliwa sauti ya kuungama. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya Meza ya Bwana, yeye kama mzee wa kanisa ndiye aliyesimama mbele kutuongoza katika sala ya toba. Akishafumba macho na kusema, "Mungu wetu, wewe ni mtakatifu, nasi tumesimama mbele yako na madoa yetu," hata wale waliokuja kuonyesha vitambaa vipya vya kichwa walianza kutafuta leso. Mimi nilikuwa nimemzoea, kwa kuwa ni mume wa dada yangu Kajuju na ua wa michongoma tu ndio unaotenganisha boma lao na langu. Nimemsikia akimgombeza ng'ombe kwa sauti ile ile. Lakini ukweli nitausema: hata mimi nilikuwa naguswa.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Mbaka hakuzaliwa mnafiki. Ni mkulima wa viazi hapa Kibirichia kama baba yake, mtu wa kuamka mapema, asiyekunywa pombe, asiyemwinulia mkewe mkono. Akikuta ng'ombe wako katika shamba lake anamrudisha kwako kwanza, ndipo analaumu. Alimcha Mungu kweli. Nadhani shida ilikuwa kwamba alizoea mno kumcha mbele za watu, na siku alipotakiwa kumcha akiwa peke yake ndani ya stoo, hakujua aanzie wapi.

Habari yenyewe inamhusu Virginia. Huyu alikuwa mzaliwa wa Embu, upande wa Kianjokoma, aliyeolewa kwetu angali msichana. Mumewe alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa figo, akamwachia binti mmoja, Kawira, ambaye alikuwa akifanya kazi ya saluni Embu mjini, pamoja na kipande cha shamba kilicholala nyasi miaka mingi kwa sababu marehemu alipenda kufuga kuliko kulima. Baada ya matanga Virginia aliuza ng'ombe, akashika jembe, akakivunja kile kipande mwenyewe. Udongo ulitoka mweusi na laini. Sisi tuliopita barabarani tulimwonea wivu wazi wazi, maana shamba ambalo halijawahi kuona kiazi ni mali siku hizi. Mashamba yetu mengi yana mnyauko.

Asiyelima viazi hawezi kujua uchungu wa neno hilo. Mmea unaamka vizuri asubuhi. Mchana unalegea, majani yakiwa bado ya kijani, jioni unajikaza kidogo, na baada ya siku chache umelala chini moja kwa moja. Dawa hakuna. Ugonjwa unaingia na mbegu, na ukishaingia udongoni inabidi ukae miaka bila kupanda kiazi hapo, na nani kati yetu ana miaka ya kukaa? Ubaya wake mwingine ni kwamba kiazi chenyewe kinaweza kuwa cha kupendeza, ngozi safi, macho mazuri, kumbe ndani kimebeba kifo.

Sasa, kanisa letu lina desturi ya sadaka ya mavuno. Kila nyumba inaleta kilicho bora, si makapi ya chini ya gunia, tunakiweka mbele ya madhabahu na mchungaji anakiombea. Mwaka ule wazee waliamua kwamba sadaka yote apewe Virginia aanzie maisha. Mbaka alisimama wa kwanza akasema mbegu ya shamba zima itatoka kwake, wengine walete mbolea, mahindi na kabeji. Watu walipiga makofi. Dada yangu Kajuju alitazama chini kwa haya, vile mke anavyofanya akisifiwa mumewe, nami nilimbinya kiuno nikamwambia, "Leo umeolewa na malaika."

Mbaka ana shamba la juu na shamba la chini, kule karibu na mto. La juu lilikuwa safi. La chini, msimu huo, mimea kadhaa ilikuwa imelegea mchana. Aliing'oa alfajiri kabla majirani hawajapita, akaichoma. Kajuju alipouliza, alimwambia ni fuko aliyekata mizizi.

Siku ya kuchagua mbegu alisimama stoo, magunia ya shamba la juu upande huu, ya shamba la chini upande ule. Haya alinieleza mwenyewe baadaye, nami nilimhoji bila huruma. Alisema hakuwa na nia ya kumdhuru Virginia. Aliwaza kwamba mimea iliyolegea ilikuwa michache, na kwamba viazi alivyovishika mkononi vilikuwa vizuri. Aliwaza pia kwamba akitoa mbegu ya juu, yeye atabaki kupanda nini. Alichukua kiazi kimoja na kisu, akataka kukikata aone kama ndani kina ile pete ya kahawia ya mnyauko. Kisha akarudisha kisu mfukoni.

"Ningekikata ningejua," aliniambia. "Sikutaka kujua."

Basi magunia ya shamba la chini ndiyo yaliyopelekwa mbele za Mungu. Na siku hiyo hiyo, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kufundisha, Mbaka alitusomea habari za wale waliomletea Bwana mnyama kilema na kipofu, akatuonya kwamba Mungu ni mtakatifu na hadanganyiki. Nilimwuliza ulimi wake ulipitaje hapo. Alisema alipokuwa akisoma hakufikiria kabisa magunia yaliyokuwa miguuni pake. Namwamini, na hilo ndilo linalonitisha.

Virginia alipanda mvua ya kwanza ilipoanguka. Viazi vilitoka kama vimeitwa, akapalilia, akainua matuta, akawa anatusimamisha barabarani tuje tuone. Vilipoanza kutoa maua, vikaanza kulala. Kufikia mwisho wa Juni lile shamba lote lilikuwa limeinama.

Sisi ni wakulima, mnyauko tunaujua. Lakini hebu angalia tulivyofikiri. Udongo ule haukuwa na ugonjwa, kila mtu aliona nyasi ndefu zilizokuwa hapo. Mbegu nayo ilitoka mkononi mwa mzee wa kanisa, ikawekwa mbele ya madhabahu, ikaombewa tukiwa tumesimama. Nani angethubutu kusema mbegu iliyoombewa ina ugonjwa? Kilichobaki ni Virginia. Hakuna aliyesema kwa sauti. Tulisema, "Mungu ana makusudi yake," na "Huenda kuna jambo anataka alirekebishe," maneno laini ambayo mtu akiyasikia mara nyingi yanamkaa shingoni kama nira. Naye Virginia akayaamini.

Alhamisi jioni huwa tuna ushirika wa watu wa wokovu, na hapo ndipo tunaweka mambo nuruni. Mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe, anataja lililomshinda wiki hiyo, tunaimba, anaketi akiwa mwepesi. Mara nyingi ni mambo madogo. Mmoja alimkasirikia kuku wa jirani, mwingine aliona wivu juu ya sufuria. Mimi mwenyewe nimetubu hasira mara nyingi sana hata siku moja mchungaji alisema tuipe hasira yangu kiti chake. Tulicheka. Ni ushirika mzuri, na haya nayasema nikiwa bado naenda.

Virginia alianza na madogo kama sisi. Alisema alinung'unika mumewe alipougua. Wiki iliyofuata akasema alimficha mama mkwe nyama, zamani hizo akiwa bibi harusi. Iliyofuata, kwamba alipouza ng'ombe alifurahia kuwa peke yake. Kila Alhamisi alikuja na jingine, na kila tulipoimba na kumkumbatia, Ijumaa asubuhi alikwenda shambani kuangalia kama kuna mmea ulioinuka. Nilimwona mimi mwenyewe, amechuchumaa kati ya matuta, anainua majani kwa kidole. Alikuwa anafukua maisha yake yote akitafuta kile kilichomkasirisha Mungu. Na mtu aliyemwekea mkono kichwani na kumwombea kila mara, kwa ile sauti, alikuwa Mbaka.

Alhamisi moja ya Agosti alisimama akiwa amefunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kubeba mzigo mzito. Hakusema Bwana asifiwe. Alisema kwamba Kawira si mtoto wa marehemu. Kwamba marehemu alipokuwa kibarua msituni, miezi hajarudi, yeye aliteleza na mtu ambaye sasa ni marehemu pia. Kwamba mumewe alimpenda yule mtoto hadi siku ya kufa kwake bila kujua. Kisha akasema, "Hii ndiyo ya mwisho. Sina nyingine," akaangalia mlangoni, kana kwamba alitarajia mtu aingie kumwambia kwamba imetosha.

Safari hiyo wimbo ulichelewa kuanza. Mbaka alinyanyuka, akamwekea mkono kichwani, akasema, "Bwana apewe sifa kwa dada yetu aliyekubali nuru." Nilikuwa nimekaa karibu. Niliona mkono ule unakawia kuondoka kichwani, nikadhani ni Roho.

Yanayosemwa katika ushirika hubaki katika ushirika, ndiyo sheria. Lakini Jumapili haikufika kabla mashemeji wa Virginia hawajajua. Walikuja wakapima kile kipande kwa hatua na kumwambia mjane anaweza kukaa, ila yule msichana hana kitu katika ukoo wao, na asikanyage kaburini kwa marehemu. Kawira alikuwa amesikia kwa simu tayari, kwa binamu yake. Hakumpigia mamake kumwuliza. Aliacha tu kupokea simu zake. Na viazi, bila shaka, havikuinuka. Septemba Virginia alifunga mlango wake, akarudi kwao Kianjokoma kwa dada yake mkubwa, akawa kibarua wa kuchuma majani chai katika mashamba ya watu.

Dada yangu ndiye aliyegundua kwamba Mbaka hanywi tena kikombe. Siku ya Meza ya Bwana yeye ndiye aliyepitisha sinia lenye vile vikombe vidogo vya divai, kutoka benchi hadi benchi, na mwenye kugawa haangaliwi. Kajuju alimwangalia. Alimwuliza nyumbani, naye akajibu kwamba tumbo linamsumbua. Alikonda. Alianza kulisema neno "mtakatifu" haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Baadaye aliniambia kwamba mchana hakuogopa kitu, lakini akifika pale mbele akafumba macho, alimwona Mungu ameshika kile kiazi na kisu, anamngoja akikate.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Msimu uliofuata shamba lake la chini lilianguka lote, na safari hii hakukuwa na alfajiri ya kutosha kung'oa. Majirani walikuja kumpa pole. Waliketi uani kwake, wakanywa chai ya dada yangu, wakasema huu ni mnyauko, uko kwenye udongo, serikali ifanye kitu. Mmoja alisema hata Ayubu alipatwa. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza Mbaka kama kuna jambo Mungu anataka alirekebishe. Nilikuwa nimeshika birika, na nilihisi hasira inanipanda hadi masikioni, ingawa wakati ule sikujua ninamkasirikia nani. Mbaka alisimama ghafla, akaingia ndani, akatuacha na wageni wake.

Alhamisi ile alisema yote. Gunia, kisu, fuko ambaye hakuwapo, mkono wake juu ya kichwa cha Virginia. Kajuju alikuwa amekaa mbele yangu na niliona shingo yake inakakamaa. Kisha mtu akaanza wimbo, kwa sababu ndivyo tunavyofanya, na wengine wakadakia, wakamwendea Mbaka kumshika mkono na kumwambia damu ya Yesu inatosha. Alikuwa analia. Alionekana kama mtu aliyetua kuni. Mimi sikuimba. Nilitoka nje nikakaa kwenye kiti cha bodaboda ya mtu.

Asubuhi nilimwita pale kwenye ua wa michongoma.

"Shemeji," nikamwambia, "jana ulitubia nani?"

"Mungu na kanisa."

"Na Virginia alikuwa amekaa wapi?"

Aligeuka kutazama shamba la chini.

"Huyo mama alitoa ya kwake yote mbele yako, uso kwa uso. Wewe umetoa yako akiwa huko Kianjokoma kwa chai ya watu, bado anafikiria Mungu alimlaani. Sasa amejua saa ngapi?"

"Mchungaji amesema tutamwandikia."

"Mwandikie ukiwa umekufa," nikasema. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyosema.

Alishika tawi la ua, akainamisha kichwa. "Naogopa," akasema. "Mungu ninaweza kumwambia. Yeye namwogopa."

Kwetu mtu haendi kuomba msamaha peke yake. Lazima awe na wa kumsindikiza. Kwa haki angekuwa mke wake, lakini Kajuju hakuwa anazungumza naye juma hilo, isipokuwa kumwambia chakula kiko mezani. Kwa hiyo nilikwenda mimi. Alitaka kubeba gunia la viazi vya shamba la juu kama zawadi. Nilimwambia kiazi kikiingia katika gari tutakalopanda, mimi ninashuka. Tulibeba sukari, unga na majani ya chai, na huko njiani nikakumbuka kwamba tunampelekea majani ya chai mtu anayeyachuma. Nikacheka peke yangu, na Mbaka hakuuliza ninacheka nini.

Tulimkuta Virginia kwa dada yake, amekaa nje anapumzisha miguu, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Alikuwa amezeeka. Alifurahi kutuona, na furaha ile ndiyo iliyoniumiza. "Mama Antony, kumbe mnanikumbuka?" akaniambia. Antony ni mwanangu wa kwanza. Akamgeukia Mbaka. "Na Baba pia amekuja? Karibuni, karibuni."

Mbaka hakukubali kuketi. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi, na safari hii hakufumba macho. Aliyasema kwa maneno machache, bila kutaja shetani wala udhaifu wa mwili. Mbegu ilikuwa mbaya. Alijua, au alikuwa karibu kujua akakataa. Alimsikia akitubu wiki baada ya wiki akanyamaza.

Virginia alijitoa utomvu katika kucha, moja baada ya nyingine.

"Kwa hivyo haikuwa mimi," akasema.

"Haikuwa wewe."

"Ilikuwa waru tu."

"Ilikuwa viazi. Na mimi."

"Haikuwa mimi," akasema tena, si kwetu. Nilidhani sasa atafarijika. Badala yake uso wake ulianza kubadilika polepole, na nikaelewa alikofika kabla hajafungua mdomo.

"Na ile ya Kawira?" akauliza. "Ile nilisema ya nini?"

Mbaka akaigeuza kofia mkononi.

"Baba, hiyo maneno mimi nilikuwa nimemalizana na Mungu kitambo, hata kabla wewe hujakuwa mzee wa kanisa. Nililia nayo peke yangu mpaka siku moja nikasikia roho imetulia, nikajua amenisamehe. Halafu shamba ikakauka. Nikasema, kumbe hakuwa amesamehe. Nikasema kumbe anataka nitoe hata hiyo. Nikatoa." Alimtazama. "Na wewe ukanishika kichwa."

"Nilikushika," Mbaka akasema.

"Ungekohoa tu. Ungesema tu, mama, keti kwanza."

Alilia basi, na Mbaka akapiga magoti pale uani kwenye matope, mzee mzima. Mimi nilitazama mashamba ya chai kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Alipotulia alisema la shamba amemsamehe. Alilisema kwa unyoofu, nami najua ni kweli. La Kawira alisema halijui, hajui hata ni la nani kulisamehe. Kisha akatuambia jambo ambalo bado ninalisikia nikiwa ninaosha vyombo.

"Tangu nitoke huko sijaomba. Dada yangu anafikiria naomba kimya kimya. Siombi. Nikianza tu kusema Baba yetu, naogopa ataniuliza ingine, na mimi sina ingine. Nilimpatia zote."

Mbaka aliuliza afanye nini. Maji yakimwagika hayazoleki, sote watatu tulilijua hilo, lakini mama ni mama. Virginia alimwomba aende Embu mjini, si mbali, amtafute Kawira pale saluni, amweleze kwamba Mungu hakumtaka mamake aseme vile, kwamba alidanganywa na shamba. "Akisikia kwako wewe mzee atakuja," akasema. "Hata kama ni kuja kunitukana, aje. Nitawapikia."

Kawira tulimpata akisuka mteja. Ni msichana mrefu, mpole, mwenye namna ya marehemu ya kuinamisha kichwa upande akisikiliza. Haikutoka kwenye damu, najua. Watoto huiga wanaowalea. Alitutoa nje, kwenye kibaraza, akamsikiliza Mbaka hadi mwisho huku akifuta mafuta mikononi.

"Sasa, mzee," akasema, "hiyo kitu mama alisema, ilikuwa uongo?"

"Hapana," Mbaka akasema.

"Basi umekuja kuniambia nini? Ati waru zilikuwa mbaya?"

"Nimekuja kukuambia kosa lilikuwa langu."

"Sawa. Nimesikia. Lakini mimi baba yangu nilimzika, nilimwaga udongo na hizi mikono. Saa hii siwezi hata kuenda kwa kaburi. Ukisema sorry, nitaenda?" Hakupandisha sauti. "Nyinyi mlikuwa mnatafutia Mungu dhambi kwa shamba yetu. Sijui kama alikuwa amewauliza."

Nilijaribu kuingilia kati, nikamwambia mamake amezeeka, amepika, anamngoja. Kwa kitambo kidogo niliona kidevu chake kinacheza. Kisha akatazama ndani, mteja wake alikuwa anamwita.

"Mwambieni siji," akasema, akarudi kazini.

Njiani kurudi Kianjokoma nilimpangia Mbaka maneno. Nilimwambia aseme msichana ana wateja wengi, atakuja mwisho wa mwezi. Ni uongo wa kumtuliza mgonjwa, na hata Mungu angeuelewa. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamwambia huu si wakati wa kujifanya msafi. Alisema tu, "Shemeji, mimi nimemaliza kumchagulia huyo mama mambo ya kujua."

Virginia alikuwa amebadilisha nguo. Alivaa lile gauni la bluu alilokuwa akija nalo kanisani, na ugali ulikuwa tayari umefunikwa, na kuku, ambaye najua hakuwa wake wa kuchinja. Alisimama mlangoni akatazama nyuma yetu, akaendelea kutazama hata baada ya sisi kufika.

"Amekataa," Mbaka akasema. "Nimemweleza yote. Amesema haji."

Niliufumba mkono wangu nikitamani kumpiga. Virginia alishika mwimo wa mlango. Alikubali kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo aliojua uzito wake, na akatukaribisha ndani tuketi. Alitunawisha mikono. Alipakua. Ndipo tulipokumbuka kwamba hakuna aliyeombea chakula, na kwa mazoea mimi na dada yake tukamgeukia Mbaka.

"Hapana," Mbaka akasema. "Mimi siwezi."

Tulikaa, chakula kikitoa mvuke. Virginia aliweka mikono juu ya meza, ile mikono myeusi, akafumba macho.

"Baba," akasema, "ni Virginia. Leo sikuleta dhambi. Nimekuja tu kukuambia mtoto wangu amekataa kuja."